Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya na elimu: tufungulieni wodi za kiharusi, wanafunzi tupo

Waheshimiwa mawaziri wa Afya na wa Elimu, makamu wakuu wa vyuo, wakurugenzi wa hospitali za rufaa, na nyie wa COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) ambao meza zenu najua zimejaa, shikamooni.

Ombi langu nalisema mapema kabisa, ili asiye na muda wa kufika chini asije akasema sikueleweka. Wanafunzi wanaosomea tiba ya usemi na lugha, pamoja na sisi wa isimu (sayansi ya lugha) ya Kiswahili, tupelekwe fildi (mafunzo kwa vitendo) kwa pamoja kwenye wodi za kiharusi na kliniki zake, tupewe msimamizi anayelipwa na hela kidogo ya utafiti, na kazi yetu iwe kutengeneza vipimo na vifaa vya afasia (kuharibika kwa lugha baada ya ubongo kuumia) kwa Kiswahili. Basi. Mengine yote humu ni kueleza kwa nini, na kulalamika kidogo.

Mi nasoma uzamili wa isimu ya Kiswahili. Siyo daktari wala sijidai daktari. Nimeingia kwenye haya mambo kwa sababu ya rafiki yangu anayesoma tiba ya usemi, tulikuwa tunakaa hosteli moja, usiku yeye ananiuliza mambo ya viambishi mi namuuliza mambo ya ubongo, mpaka siku moja nikamfuata wodini kuona anachokisema, na tangu hapo tasnifu niliyokuwa nimepanga kuandika (ya majina ya daladala, msicheke) nimeiweka pembeni.

Kwa wasioijua, afasia ni pale mtu aliyekuwa anaongea vizuri tu anapata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, au anaumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, au anaota uvimbe, halafu lugha inaharibika. Akili ipo. Anakujua, anajua leo Jumanne, anajua kabisa kwamba unadaiwa na hujamlipa, ila neno halitoki, au anataka kusema kijiko linatoka kiatu, au maneno yanamtoka mfululizo hayashikani na mwenyewe hajui, au anashindwa kuelewa unachomwambia hata ukipaza sauti, na watu wanapaza sauti kweli, kama vile tatizo ni masikio. Kusoma na kuandika navyo vinapigwa. Ndo maana ile ya "mpeni kalamu aandike" haisaidii, nimeona ndugu wanamshikisha mzee kalamu, mzee anachora mistari, ndugu wanatazamana, na kuanzia hapo wanaanza kumjadili mbele yake kama hayupo. Mashamba, vyeti, nani ana ufunguo wa kabati. Yeye anasikia na kwa wengi wao sehemu kubwa wanaelewa.

Tafiti za nje zinasema karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi wanapata na afasia. Na kiharusi kwetu siyo habari ya kusikia kwa jirani. Kuanzia 2003 hadi 2006 kulifanyika utafiti mkubwa wa kuhesabu viharusi wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na sehemu ya Dar es Salaam, matokeo yakachapishwa 2010 kwenye Lancet Neurology, na ukishasawazisha umri ilionekana Hai ni kama watu 109 kwa kila laki moja kwa mwaka, Dar karibu 316. Mia tatu na kumi na sita! Watafiti wenyewe walisema kiwango cha Dar kiko juu kuliko nchi nyingi zilizoendelea. Hiyo ni miaka karibu ishirini iliyopita, kabla presha na sukari hazijawa stori ya kila kikao cha harusi. Sasa chukua theluthi ya hao uniambie wako wapi. Wapo majumbani, wamekaa barazani, mtoto akipita anawaamkia anaambiwa na mama yake "huyo haongei, twende".

Niseme ukweli kwamba hatuanzii sifuri. Uganda pale Makerere walianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza ukanda huu, na Muhimbili sasa hivi wanafundisha odiolojia (mambo ya kusikia) na patholojia ya usemi na lugha, yaani hiyohiyo tiba ya usemi, kwa ngazi ya shahada, kitu ambacho mi nilipokuwa fomu six sikuwahi hata kusikia kama kipo. Kwa hiyo vijana wapo. Wanakaa darasani, wanakariri mishipa yote ya ubongo, wanamjua Broca, daktari wa Ufaransa, na yule mgonjwa wake wa 1861 aliyekuwa anaweza kutamka silabi moja tu, "tan", kila ukimuuliza kitu. Wanamjua na Wernicke, daktari wa Ujerumani aliyeeleza afasia ya kutoelewa. Halafu wanaenda fildi.

Na fildi ndo penye tatizo. Rafiki yangu na wenzake, muda wao karibu wote umeenda kwa watoto: waliofanyiwa upasuaji wa mdomo wazi, wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, wasiosikia. Sisemi watoto waachwe, Mungu anisamehe nikisema hivo. Muhimbili walipoanza kupandikiza vifaa vya kusikia 2017 kila mtu aliona kwamba upasuaji peke yake ni nusu ya kazi, lazima awepo mtu wa kumfundisha mtoto kusikia na kusema, na hapo ndo umuhimu wa hii fani ulianza kueleweka hata kwa wasiojua. Ila mtu mzima wa kiharusi hana mama wa kumbeba mgongoni kumleta kliniki kila wiki. Akitoka wodini ametoka. Wodini kwenyewe anakaa siku chache, daktari anaangalia presha, mtu wa mazoezi ya viungo anakuja kumnyanyua mguu na mkono, na kuhusu kuongea anaambiwa "itarudi taratibu". Mwanafunzi wa tiba ya usemi hayupo kwa sababu kituo hakijamwomba, na kituo hakijamwomba kwa sababu hakuna mtu pale anayejua kwamba huyo mwanafunzi anaweza kufanya nini. Tunazunguka tu.

Wakati huohuo kuna kitu kingine kinaendelea wodini ambacho hakisubiri lugha, nacho ni kumeza. Kiharusi kinaharibu kumeza pia, uji unaingia kwenye njia ya hewa, baada ya siku tatu nne mgonjwa ana nimonia na watu wanashangaa imetoka wapi. Kuangalia kama mtu anameza salama ni kazi ya hawahawa wanafunzi tunaowaacha hosteli. Hilo nimelitaja tu maana najua nyie wakubwa mkisikia "mawasiliano" mnaona ni anasa, ila mkisikia kifo mnasogeza kiti.

Sasa turudi kwenye lugha, maana hapo ndo kwangu.

Ukimkuta mtaalamu anapima afasia hapa kwetu, mara nyingi anatumia kipimo cha Marekani kilichotafsiriwa juujuu. Kuna picha moja maarufu sana ya kipimo cha Boston, ipo tangu 1972: mama anafuta sahani, sinki limejaa maji yanamwagika sakafuni na yeye hana habari, nyuma yake mtoto amepanda stuli inataka kuanguka anaiba biskuti kwenye kopo kabatini. Mgonjwa anaambiwa aeleze anachokiona. Chukua bibi wa Machame ambaye maisha yake yote ameosha vyombo nje kwenye beseni, hajawahi kumiliki sinki, umpe hiyo picha. Akikaa kimya utajuaje kama ni afasia au anajiuliza hawa wazungu wanafanya nini? Kuna kile kingine cha kutaja majina ya picha 60, humo kuna nyumba ya barafu, kuna mnyama wa mito ya Marekani anayejenga mabwawa kwa miti, kuna mkate mkavu wa kizungu uliokunjwa kama fundo. Mi mwenyewe ubongo wangu mzima kabisa na huo mkate nimeujulia kwenye intaneti. Halafu mzee anakosa hizo picha tunaandika kwenye faili "amepoteza majina".

Mtasema rahisi, badilisheni picha, wekeni jembe, sufuria, kinu, ungo, daladala. Ndiyo, ila siyo rahisi hivo, na hapa ndo utafiti wa wanafunzi unapoingia. Kipimo kizuri kinahitaji ujue neno lipi linatumika sana na lipi kwa nadra, lipi refu lipi fupi, lipi watu hujifunza utotoni na lipi ukubwani, kwa sababu mgonjwa wa afasia kwa kawaida anashindwa zaidi na maneno ya nadra. Hizo takwimu za Kiswahili nani anazo? Kuna hazina ya matini za Kiswahili yenye maneno kama milioni 25, nzuri sana, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Helsinki. Helsinki, Ufini, kule kwenye barafu. Na sehemu kubwa yake ni lugha ya magazeti na vitabu, siyo lugha ya bibi wa Machame anapoomba maji. Darasa moja tu la mwaka wa pili wa Kiswahili, likipewa picha mia mbili likaingia mtaani kuwauliza watu wazima wasio na ugonjwa "hii ni nini", Tanga, Mwanza, Mbeya, Unguja, kwa semista moja tungejua picha gani inaitwa jina lilelile kila mahali na ipi ina majina matano. Vijana wa sanaa pale Bagamoyo wangechora. Hiyo nayo ni gharama ya kuwaogopesha?

Halafu ingia kwenye sarufi, hapo utamu wenyewe. Mgonjwa wa Kiingereza mwenye afasia ya aina ya Broca, ile ya kuongea kwa shida, anajulikana kwa kudondosha viambishi, anabaki na kitenzi kitupu, na Kiingereza kinaruhusu maana kitenzi kitupu ni neno. Kiswahili mara nyingi mzizi wa kitenzi peke yake hausimami. Ukichukua "hawakunipikia" ukaanza kukivua, unaondoa ukanushi, nafsi, njeo (wakati), mtendwa, kauli, unabaki na pik, na pik siyo neno kwa mtu yeyote kuanzia Lamu mpaka Lubumbashi. Sasa mgonjwa wetu anafanyaje? Anakimbilia "kupika"? Anasema "pika" kama anaamuru? Anashika nafsi anapoteza njeo? Na upatanisho wa ngeli, ile "kiti kile kimevunjika", ki inayojirudia inamsaidia kama kamba ya kushikia au ndo inamwangusha? Na yule aliyeharibika upande wa kuelewa, akisikia "amempiga" anajua nani kapiga nani kapigwa? Kila swali hapo ni tasnifu ya mtu. Dunia nzima nadharia za afasia zimejengwa zaidi juu ya Kiingereza na ndugu zake wachache wa Ulaya, na lugha yenye vitenzi kama vyetu inaweza ikazithibitisha au ikazibomoa.

Na siyo kwamba haiwezekani. Mkenya Tom Abuom alifanya, 2012 yeye na msimamizi wake Roelien Bastiaanse walichapisha uchambuzi wa usemi wa watu sita wenye afasia ya kuvunjika sarufi wanaojua Kiswahili na Kiingereza, wakalinganisha lugha zote mbili kwa mtu yuleyule, na walipoandika walieleza kwamba kabla yao hakuna aliyekuwa ameeleza aina hiyo ya afasia kwa Kiswahili. Udaktari wake aliufanyia Groningen, Uholanzi. Tunampongeza sana. Ila lugha yetu inazungumzwa na mamilioni kwa mamilioni ya watu, UNESCO wameipa siku yake kila tarehe 7 Julai, kila mwaka tunavaa vitenge tunaimba, na kwenye afasia tunaanzia kwa watu sita.

Mnisamehe hapa nikapanda kidogo. Wernicke alipoandika kitabu chake cha 1874 ambacho mpaka leo jina lake liko kwenye kila somo la ubongo, alikuwa na miaka 26. Ishirini na sita! Huo ni umri wa mtu aliyeko uzamili sasa hivi anayekimbizana na sapu (mitihani ya marudio) na anayesubiri bumu (hela ya mkopo). Alikuwa na nini ambacho sisi hatuna? Alikuwa na wodi. Alikuwa anaruhusiwa kukaa na wagonjwa, kuwasikiliza, na kuwafuatilia mpaka mwisho.

Sisi tukiomba wodi tunapigwa danadana. Nilipeleka pendekezo langu kwenye jopo la idara (sitaji chuo, na wengi pale ni walimu wangu nawaheshimu), nikaambiwa hii ni mada ya watu wa tiba, nenda kwa watu wa tiba. Nikaenda hospitali, siitaji pia, nikaambiwa wewe ni mtu wa lugha, utafiti wa wodini ni wa wanafunzi wa udaktari, lete barua ya chuo. Chuo kinasema lete kwanza barua ya hospitali. Rafiki yangu upande wake anaambiwa mada yake ina isimu nyingi, apunguze. Yaani yeye apunguze lugha kwenye ugonjwa wa lugha. Tumeishia kufanya kazi pembeni, mi namsaidia yeye kuchambua rekodi alizoruhusiwa, kwa jina lake, bila jina langu, na hakuna hata mmoja wetu anayesimamiwa na mtu aliyewahi kumtibu mgonjwa wa afasia kwa Kiswahili.

Mfano wa kwa nini tunahitajiana. Kuna kitu wanafunzi wapya wodini wanadanganyika nacho. Unamwamkia mzee "shikamoo", anajibu "marahaba" safi kabisa. Unamwambia "habari za asubuhi", "nzuri". Ukianza Baba Yetu anamaliza na wewe mpaka amina, na aliyelelewa madrasa Alhamdu inatoka yote bila kukwama. Ndugu wanashangilia ameshapona, nesi anaandika anaongea. Halafu muulize achague uji au chai. Kimya, jasho linamtoka. Maneno yaliyozoeleka, salamu, sala, kuhesabu moja mbili tatu, nyimbo, matusi pia (matusi yanabaki sana, viongozi wa dini mjiandae), hayo yanahifadhiwa kivingine na mara nyingi yanapona hata kama lugha ya kujitungia imekufa. Mwanafunzi wa tiba anajua hilo kwa kitabu, mtu wa isimu ndo anaweza kumwambia maamkizi ya Kiswahili ni marefu kiasi gani, kwamba mtu anaweza kubadilishana na wewe salamu sita saba bila kutunga sentensi hata moja, kwa hiyo kwetu huo mtego ni mkubwa kuliko kwa Waingereza na "hello" yao. Na upande wa pili huo mtego ni mlango: Boston tangu 1973 kuna tiba ya kutumia melodi kuvuta maneno. Sisi tuna kwaya, kaswida, taarabu, nyimbo za jando na za kubembelezea watoto, na lafudhi yetu yenye mkazo silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno. Nani amejaribu? Wanafunzi wangejaribu.

Na lugha mbili tatu. Hapa Tanzania mgonjwa wa lugha moja ni wa kutafuta. Kuna ubishi wa zamani, Ribot mwaka 1881 alisema lugha iliyotangulia utotoni ndo inayosalimika, Pitres 1895 akasema hapana, ni ile uliyokuwa unaitumia zaidi wakati unaugua. Sasa mzee wa Hai: Kichagga cha mama, Kiswahili cha soko na kanisa, Kiingereza cha ofisini miaka thelathini. Kipi kinarudi kwanza? Nesi aliyetoka Kigoma anampima kwa Kiswahili anaandika haongei, mke wake anasema mbona usiku aliniita kwa Kichagga. Wako sahihi wote wawili. KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Mbeya, Dodoma, kila hospitali ya rufaa imekaa katikati ya jibu la swali ambalo Ulaya wanalitafuta kwa kuhangaika kupata wagonjwa wa lugha nyingi. Na pale Dodoma ndo nashangaa zaidi, chuo kimoja kina watu wa Kiswahili na watu wa udaktari, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo palepale, unatembea kwa mguu. Anzieni hapo kama hamna pa kuanzia.

Kuhusu vibali, hapa naongea na NIMR na kamati za maadili za vyuo. Najua mnalinda wagonjwa na nawaunga mkono, sitaki mwanafunzi anayeingia wodini na simu anarekodi watu. Ila fomu za ridhaa za kurasa nne zenye herufi ndogo zinamfungia nje mgonjwa wa afasia moja kwa moja, hawezi kuzisoma, kwa hiyo anaonekana hana uwezo wa kuridhia, kwa hiyo hatafitiwi, na asipotafitiwa hatibiwi. Wenzetu wanatumia fomu za picha, sentensi fupi moja moja, maneno ya msingi kwa herufi kubwa, mchoro wa ndiyo na hapana wa kuonyesha kwa kidole, na shahidi wa familia. Ruhusuni hizo rasmi, wekeni mfano mmoja wa Kiswahili ambao mwanafunzi yeyote anachukua. Kutengeneza huo mfano nako ni utafiti wa mtu, msije mkaajiri mshauri kutoka nje.

Wasimamizi sasa. Najua mtaniambia wataalamu ni wachache, atasimamia nani. Kweli ni wachache mno, na wengine ni wageni wa kujitolea, wanakaa miezi wanaondoka. Kwa hiyo wale waliopo walipwe kusimamia, iwe kazi iliyoandikwa kwenye mkataba na siyo fadhila ya jioni, na wakiwa mbali wasimamie kwa video, Makerere wapo, Afrika Kusini wapo wanafundisha hii fani tangu miaka ya 1930. Marekani mwanafunzi hathibitishwi kuwa mtaalamu mpaka awe na saa 400 za kliniki, 25 za kuangalia na 375 za kushughulika na mtu mwenyewe, na lazima apitie watu wa umri wote, watoto mpaka wazee. Sisemi tuige namba yao. Ila kwenye kitabu cha fildi wekeni sharti la saa za watu wazima wenye kiharusi, hata kama ni chache kwa kuanzia, maana pasipo sharti vituo vitaendelea kupeleka vijana panapopatikana kiti. Afrika Kusini wana na mwaka mmoja wa lazima wa kutumikia jamii kwa wahitimu hawa, wanapelekwa mpaka hospitali za vijijini.

Na msiseme baada ya miezi sita hakuna faida. Hiyo imewakatisha tamaa watu wengi sana, ndugu wanaambiwa alichopata ndo hicho hicho. Ujerumani walijaribu kwa watu 156 waliokuwa wamekaa na afasia zaidi ya miezi sita, wakawapa tiba ya nguvu ya wiki tatu, angalau saa kumi kwa wiki, matokeo yakatoka Lancet 2017: wanaongea vizuri zaidi kwenye mambo ya kila siku. Saa kumi kwa wiki, wataalamu wetu hawawezi, hesabu inakataa. Wanafunzi wanaweza. Kundi la wanafunzi wanne kwenye kliniki moja, wiki sita za fildi, zinatosha kuwapa wagonjwa kadhaa tiba ya kiwango hicho na kuwafundisha ndugu namna ya kuongea na mtu wa afasia, swali moja kwa wakati, kumpa muda, picha mezani, kutomalizia sentensi yake.

Hela. COSTECH mkitenga dirisha dogo la ruzuku kwa wanafunzi wawili wawili, mmoja wa tiba mmoja wa lugha, wa kuanzia shahada ya kwanza, hatuombi mashine. Tunaomba nauli ya kumfuata mgonjwa nyumbani Chanika au Bonyokwa, kinasa sauti, karatasi, hela ya mchoraji. Bodi ya Mikopo nao waangalie hela ya fildi ya hawa wanafunzi isikatwe wakipangiwa mikoa ambako hakuna hosteli. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo, mnapopanga kitita cha huduma muulize kama tiba ya usemi ya mtu wa kiharusi imo, kwa sababu hospitali haitafungua kliniki isiyolipwa na mwanafunzi hatasoma miaka minne kwa kazi ambayo akifungua ajira portal haioni. Hilo la ajira wenzangu wa ile fani watawaandikia wenyewe, wana hasira kuliko mimi.

Fildi za mwaka huu zinapangwa kabla ya Julai. Tayari tunayo orodha ya picha za kuanzia, tumeikusanya wenyewe, ina kinu na ungo na bodaboda na jiko la mkaa na kila kitu, tunaitoa bure kwa hospitali yoyote itakayotupokea. Tunachohitaji kwa sasa ni barua moja yenye mhuri wa pande zote mbili, chuo na hospitali, kwa wakati mmoja.

Wenu,
Mwanafunzi wa uzamili, isimu ya Kiswahili